Blauzi Iliyokaa Sandukuni Miaka Mitatu

Malineo alikuwa na blauzi nyekundu ya sare ambayo haijawahi kuonja jua. Ilikaa miaka mitatu kwenye sanduku chini ya kitanda, na kila Alhamisi, siku yao ya kukutana, wanawake wenzake wa kanisa walimuuliza habari zake kama watu wanaoulizia mgonjwa. Ilishonwa vizuri na fundi wa mjini, na kola yake nyeupe ilikuwa ya kutoa na kurudisha. Kilichobaki ni mwenyewe kusimama mbele ya kanisa, ale kiapo cha kumtumikia Mungu, mke wa mchungaji amvishe, basi. Mwaka wa kwanza alisema mtoto anaumwa. Mwaka wa pili alisema amekosa sketi nyeusi ya kuvalia. Mwaka wa tatu hakusema chochote. Alipotea tu Jumapili ile nzima, akaonekana Jumatatu shambani akipalilia mahindi kana kwamba hakuna lililotokea.

Ukweli ni kwamba alikuwa anaogopa, na alichokiogopa ni rangi.

Usimcheke. Katika milima hii, kuanzia Oktoba mpaka Machi, mawingu yakianza kupanda kila mtu anajua la kufanya. Kioo kinafunikwa kitambaa, sufuria zinazong'aa zinasukumwa chini ya meza, mbwa anafukuzwa nje, na aliyevaa nyekundu anaivua upesi. Radi inaipenda nyekundu. Hata wanawake wa Alhamisi, ambao kanisani husema rangi ile ni damu ya Yesu, wakisikia ngurumo hujifunika mablanketi mpaka kidevuni, halafu wanajifanya wanasikia baridi.

Lakini Malineo alikuwa na sababu kuwazidi wote. Miaka sita iliyopita mumewe, Pheello, alipigwa na radi mlangoni pa nyumba yao akiwa amevaa jezi nyekundu ya mpira. Jezi hiyo Malineo aliinunua mwenyewe mjini Maseru, kwa mshahara wake wa kwanza wa kiwanda cha nguo. Alikuwa amemwonya asiivae mvua ikinyesha, na siku hiyo asubuhi Pheello aliondoka na sweta la kijivu kwenda kumsaidia mama yake kuezeka. Jioni alirudi na jezi. Ilikuwaje, Malineo hakujua, na hakuwa na wa kumuuliza. Mama mkwe wake, Mamokete, aliposhuka kuiona maiti alisimama mbali, pale njiani, akasema watu wote wakisikia: "Huyo ndiye aliyemnunulia mwanangu kifo." Hakulirudia tena neno hilo, wala hapakuwa na haja ya kulirudia. Malineo alilisikia akipika, akifua, akipiga magoti kuomba.

Na nyumba iliyopigwa na radi haiingiwi. Mpaka mganga aje aitie dawa, hakuna anayechukua moto humo, hakuna anayekunywa maji ya humo, na waliomo hawakanyagi kisimani. Mganga alikuwa ng'ambo ya mto, mto umefurika. Malineo alikaa ndani na Lineo wake, wakati huo mtoto wa miaka miwili, wakaramba unga mkavu. Siku ya tatu, mchana, bila hodi, akaingia Mathuso, kiongozi wa wanawake wa Alhamisi, amevaa blauzi yake nyekundu, sufuria ya ugali na mboga kichwani. Akaketi chini. Akala nao sahani moja. Alipomaliza akaomba maji ya kunywa, akapewa kikombe cha nyumba ile, akakinywa chote mbele yao.

Malineo alipendwa siku ile, na alijua kwamba amependwa. Kuanzia hapo alikuwa mtu wa kanisa. Alifagia, aliimba, alibeba viti. Kijiji kilitangaza kwamba Mathuso hatamaliza mwaka, na kweli mwaka ule akafiwa na ng'ombe mmoja mzee, watu wakatikisa vichwa. Chifu, ambaye hakupenda kugombana na Mungu wala na mizimu, aliamua tangu siku hiyo kwamba njia ya nyumba iliyopigwa itafungwa kwa wote isipokuwa wanawake wa Alhamisi waliovaa sare.

Hiyo ndiyo sheria iliyokuja kumkuta Malineo mwaka huu.

Jumamosi, katikati ya Januari, radi ilishuka juu ya ukingo wa mlima, kwenye nyumba ya Mamokete. Iliua mbuzi wake wawili zizini na kumtupa yeye mwenyewe uwanjani. Watu walimwona kwa mbali akitambaa kurudi ndani, na hakuna aliyekwenda. Chifu akaweka mlinzi njiani. Mganga alikuwa ng'ambo ya mto, kama kawaida yake mvua zinapokuwa kubwa. Jumatatu moshi ulionekana kidogo kwenye paa, Jumanne ukaonekana. Jumatano haukuonekana, wala Alhamisi asubuhi.

Wanawake walikutana kwa Mathuso siku hiyo, kwa sababu Mathuso alikuwa amevunjika mguu tangu Novemba na kanisa lilikuwa mbali naye. Walisali, wakaimba, halafu Mathuso akauliza nani anapanda kwa Mamokete. Ghafla kila mmoja akawa na shughuli. Mmoja alikuwa na mjukuu mchanga nyumbani. Wa pili ana presha, na kilima kile kingemmaliza. Wa tatu alisema angekwenda bila shaka, ila kesho, mawingu yakipungua. Mawingu ya Januari hayapungui, na wote walilijua hilo.

"Kwani Mamokete ni mama mkwe wa nani hapa?" aliuliza Makhotso, mwenye ulimi mkali kuliko wote, macho yake yakiwa darini.

Mathuso alimwambia anyamaze, kwamba hapeleki mtu kwa sababu ya ukwe, anapeleka mtu kwa mwenye njaa. Kisha akawaaga. Wakatoka wakitazama mbingu, mablanketi shingoni. Malineo naye aliinuka, lakini Mathuso akamshika sketi.

"Wewe kaa. Unaiogopa nyekundu, si ndiyo?"

Malineo aliketi. Alitaka kukana, mdomo ukakataa. Badala yake akaeleza yote, jezi, mshahara wa kwanza, neno la Mamokete, na kwamba Lineo ana miaka minane na hana mtu mwingine duniani. Akifa yeye, mtoto atalelewa na nani? Alilia kidogo. Mathuso alimwacha alie, akiendelea kujikuna mguu ndani ya plasta kwa kijiti.

"Bibi, siku ile ulipokuja kwangu," Malineo alisema mwishowe, "ulikuwa huogopi?"

"Nilijikojolea njiani," alisema Mathuso.

Malineo aliacha kufuta machozi.

"Kweli kabisa. Pale penye jiwe kubwa ngurumo ilipiga nyuma yangu, nikajikojolea mtu mzima. Nilishukuru kwamba sketi ya sare ni nyeusi."

"Mimi nilidhani ni imani."

"Imani ipi, mwanangu? Nilikuwa na sufuria ya ugali kichwani, na ugali ulikuwa unapoa."

Jikoni kwa Mathuso kulikuwa na sufuria nyingine, imefungwa kwa kitambaa, tayari. Malineo aliiona tangu alipoingia, na tangu alipoingia alikuwa anajitahidi asiitazame.

Hata leo Malineo hawezi kusema alipata wapi miguu ya kwenda kwake na kurudi na sanduku. Mathuso alisema mke wa mchungaji yuko mjini na mto umejaa, kwa hiyo atamvisha yeye, hapohapo jikoni, na kama kuna atakayelalamika alalamike mvua zikiisha. Blauzi ilikuwa imekunjamana kwa kukaa. Miaka mitatu ya ugali ilikuwa imemnenepesha Malineo, vifungo viwili vikakataa kufunga, Mathuso akatumia pini mbili kubwa za nepi. Kola akaifunga kwa mkono unaotetemeka kwa uzee. Lineo, aliyekuwa ametoka shule, alisimama mlangoni na begi lake mgongoni.

"Umependwa?" aliuliza Mathuso.

"Nimependwa."

"Utatumika?"

Swali hilo ndilo Malineo alilokuwa akilikimbia kwenda kupalilia mahindi. Alimtazama mtoto wake, akatazama sufuria, akasema, "Nitatumika," kwa sauti ambayo hata yeye hakuisikia vizuri. Mathuso akasema inatosha.

Malineo akamwambia Lineo abaki na Bibi, ale, afanye kazi za shule. Lineo akauliza kama atarudi kabla ya mvua. Malineo akasema ndiyo, na alijua anasema uongo, kwa sababu upande wa magharibi wingu lilikuwa tayari limepanda, jeusi chini, jeupe juu.

Alitembea upesi. Sufuria ilikuwa kichwani, mikono miwili imeishika, hivyo blanketi alilojifunika lilikuwa linafunguka mbele kila hatua na nyekundu inaonekana. Alilifunga mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, akaona anachelewa, akaliacha. Alihisi kifua chake kinawaka. Alihisi mlima mzima unamtazama, kila jiwe, na kwamba huko juu ndani ya wingu kuna kitu kimegeuza kichwa taratibu na kumwona. Alijaribu kuomba. Maneno yaliyokuja ni "Bwana, Lineo, Bwana, Lineo," na hayo ndiyo aliyoyaomba mpaka penye jiwe kubwa.

Karibu na jiwe alikuwepo mlinzi wa chifu, mzee Rankoe, amejikunyata ndani ya blanketi na kiko chake mdomoni.

"Haya, Malineo. Tangu lini wewe umekuwa mtu wa sare?"

"Tangu saa nane."

Rankoe alitazama blauzi, akatazama wingu, akainuka na kiti chake akarudi nyuma hatua kumi nzima. Alisema sheria ni sheria, mwenye sare anapita. Kisha akaongeza, bila mzaha sasa, kwamba apite haraka na asisimame karibu naye, kwa sababu yeye ana watoto. Malineo alitaka kumwambia kwamba naye ana mtoto. Akapita.

Ngurumo ya kwanza ilimkuta kwenye mwinuko wa mwisho. Ilikuwa bado mbali, lakini alichuchumaa njiani, sufuria kichwani, macho amefumba. Alikaa hivyo kwa muda. Aliiona jezi. Aliiona jinsi ilivyokuwa mgongoni mwa Pheello, nyekundu sana kwenye matope, na jinsi alivyoogopa kuigusa yeye mke wake. Angeweza kurudi. Angemwambia Bibi kwamba Mamokete hakufungua mlango, na nani angebisha? Ugali ulikuwa bado una moto kidogo, aliuhisi utosini kupitia kata. Akainuka kwa sababu ya huo moto. Sababu nyingine hakuwa nayo.

Uwanjani kwa Mamokete kulikuwa na harufu mbaya. Mbuzi wawili walikuwa bado zizini walikoangukia, wamevimba, nzi wamejaa. Ukuta wa nyumba ulikuwa na ufa kutoka paa mpaka chini, mweusi, wa kupitisha mkono. Malineo alishusha sufuria, akapiga hodi.

"Nani?" Sauti ilikuwa nyembamba.

"Ni mimi, mama. Malineo."

Kitu kikaburutwa sakafuni, mlango ukafunguka kidogo tu, jicho moja likachungulia. Likashuka kutoka usoni mpaka kifuani. Mlango ukafungwa kwa nguvu.

"Vua hiyo!" Mamokete alilia kutoka ndani. "Vua, utatumalizia hapahapa!"

Wingu lilikuwa sasa juu ya zizi. Upepo ukageuka ukawa wa baridi. Vidole vya Malineo vilikwenda vyenyewe kwenye pini. Kwa nini asivue? Rankoe alikuwa mbali, hamwoni. Sare ilikwisha fanya kazi yake, ilimpitisha njiani. Mungu angeelewa, Mungu anajua mawingu ya Januari. Alifungua pini ya kwanza. Alijiona anatabasamu kwa nafuu, kama mtu aliyefunguliwa kamba.

"Nyekundu kama hiyo nilimvalisha mwanangu," ilisema sauti nyuma ya mlango.

Mkono wa Malineo ukasimama.

"Alikuwa amelowa chapachapa," Mamokete aliendelea, na haikuwa wazi kama anaongea na Malineo au na mlango. "Sweta lake nikalitundika kwenye moto. Jezi ilikuwa hapa kwangu, nilikuwa namshonea kiwiko. Akakataa. Akasema, Malineo amenikataza kuivaa mvua ikinyesha. Nikamuuliza, wewe umezaliwa na mimi au na mke wako? Akacheka, akainua mikono kama mtoto, nikamvalisha. Mimi mwenyewe, Malineo. Kwa mikono hii."

Hasira ilimpanda Malineo kutoka miguuni. Miaka sita. Miaka sita amekula na neno la mwanamke huyu, amelala nalo, amelikuta kanisani limekaa kiti cha mbele, na mwenye neno alijua siku zote. Alitaka kupiga teke sufuria ile. Alitaka kuvua blauzi, aitupe kwenye paa la nyumba hii, akimbie ateremke mlima, na radi ifanye inavyotaka. Yote hayo aliyataka kwa moyo wake wote, na pini ilikuwa wazi mkononi.

"Sasa imenifuata," Mamokete alisema. "Jumamosi ilinikosa. Inajua ni mimi. Siku tano nakaa hapa naisubiri irudi. Ondoka, mwanangu. Ondoka na chakula chako isije ikakukuta hapa."

Ngurumo ikapiga, karibu sasa, na ndani ya nyumba Malineo akasikia kilio kidogo cha Mamokete, kama cha mtoto. Alikijua kilio hicho. Yeye mwenyewe alikuwa akilia hivyo, mdomo kwenye mto wa kitanda, kila Januari, ili Lineo asisikie. Hakujua kama amemsamehe mama huyu, na alidhani bado. Lakini kilio alikijua.

Alirudisha pini mahali pake. Ilimchoma kidole, akajaribu tena mpaka ikafunga.

"Fungua mlango, mama," alisema. "Ugali unapoa."

Ilichukua muda. Ndani kulikuwa giza na baridi, majivu matupu mekoni. Mamokete alikuwa amekonda, mkono wake wa kushoto una michirizi myekundu kama mizizi kutoka bega mpaka kiganja, na alikaa juu ya godoro kwenye kona ya mbali kabisa, kwa woga wa kumgusa aliyeingia. Kioo kilikuwa kimefunikwa. Malineo aliketi chini katikati ya nyumba, akafungua kitambaa, akamega tonge. Akala la kwanza yeye. Halikushuka vizuri. Akala la pili.

"Ukila na mimi hawatakukaribia tena," Mamokete alisema.

"Wataona wenyewe. Sogea, mama. Sifikii huko."

Mamokete alisogea kwa makalio, kidogo kidogo, mpaka sufuria ikawa kati yao. Alikula kama mtu anayeiba, halafu kama mtu mwenye njaa ya siku tano. Nje mvua ilianza kupiga paa, na mwanga mweupe uliingia kupitia ufa wa ukuta ukachora mstari sakafuni, mara moja, mara mbili. Kila ulipoingia wote wawili waliinamisha vichwa. Malineo aliiona nyekundu yake inawaka katika ule mwanga. Alifikiri juu ya Lineo na begi lake. Hakuwa na ujasiri wowote, na kama angeulizwa angekiri.

Palikuwa na ndoo ya maji ya mvua karibu na mlango, na kikombe kimoja cha bati.

"Nipe maji, mama," alisema.

Mamokete aliangalia kikombe, akaangalia mkono wake wenye michirizi.

"Ya humu?"

"Ya humu. Nina kiu."

Mama mkwe alichota. Alikitoa kikombe kwa mikono yote miwili, kwa heshima kama inavyopaswa, na wakati Malineo ananyoosha yake kukipokea, radi ilipasuka juu ya zizi, nyumba nzima ikatikisika, vumbi la paa likawamwagikia. Walishikana. Maji yalimwagika kifuani pa blauzi, baridi, yakashuka mpaka kwenye pini. Walikaa hivyo, vichwa vimegusana, hakuna anayepumua, mpaka ngurumo ilipojiburuta kuelekea mtoni.

Malineo alitazama kikombe. Kilikuwa na maji kidogo chini, na vumbi. Akayanywa, akamrudishia Mamokete kikombe.

"Ongeza, mama," alisema, na meno yake yalikuwa bado yanagongana.